Je, Wajua? Mtoto wa Osiri Atanyonya Saa Ngapi

Ukitaja Osiri Matanda, kule Nyatike katika kaunti ya Migori, mtu wa pili atataja dhahabu. Wanaume hushuka mashimoni, mawe hupandishwa juu, husagwa yakawa unga, kisha kazi huhamia mikononi mwa wanawake: kuosha, kuchuja, kutikisa karai mpaka chembe nzito zibaki chini. Wengi wao wana mtoto mgongoni, au kando yao chini ya mti, amelazwa juu ya leso. Safu ya leo ni yao, na ya wenzao wa Homa Bay wanaoanika omena ufukweni. Tutapita haraka hapa na pale, na penye uzito tutatua.

Je, wajua kwamba maziwa ya kwanza kabisa ya mzazi yana jina lake katika Kiswahili? Ni dang'a. Ni mazito, yana umanjano, na siku ya kwanza hayazidi vijiko vichache. Uchache huo huwatia watu hofu, na rangi hiyo huwafanya wengine wayakamue na kuyamwaga, wakidhani yamelala sana matitini yakaharibika. Kumbe umanjano ule unatokana na viini vinavyotengeneza vitamini A, na uzito ule ni wa chembe za kinga. Tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo mno. Vijiko vile vinamtosha.

Je, wajua kwamba Shirika la Afya Duniani linataka mtoto awekwe kifuani ndani ya saa ya kwanza baada ya kuzaliwa? Kabla ya kuoshwa vizuri, kabla ya picha, kabla ya shangazi kuja kumtazama anafanana na nani. Mtoto akilazwa wazi kifuani pa mama, joto lake hutulia, na mara nyingi hulitafuta titi mwenyewe kwa kichwa na mdomo.

Na lile tumbo linalokata mzazi anaponyonyesha siku za mwanzo, ambalo kina mama huliita chango? Mtoto anapovuta chuchu, ubongo wa mama humwaga homoni iitwayo oksitosini. Homoni hiyo hufanya kazi mbili kwa mpigo mmoja: husukuma maziwa yatoke, na hubana mji wa mimba. Mji wa mimba ukibana, mishipa iliyoachwa wazi pale kondo lilipong'oka hufungwa, damu ikapungua. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua bado ni miongoni mwa sababu kuu zinazoua wazazi nchini Kenya. Kwa hiyo mtoto anaponyonya saa ile ya kwanza, anamsaidia mama yake kabla hata hajapewa jina.

Je, wajua kwamba katika kila sehemu 100 za maziwa ya mama, sehemu 87 hivi ni maji? Nyatike kuna jua kali, na nyanya mwenye mapenzi husema, "Mtoto ana kiu, mpe maji kidogo." Namwelewa; anayasema kwa huruma. Jibu la heshima ni kumweka mtoto titini na kusema, "Dani, maji yake yako hapa." Mpaka atimize miezi 6 hahitaji tone jingine, hata wakati wa kiangazi. Maji ya kikombe humjaza tumbo bila kumlisha, na kama hayakuchemshwa, humletea kuhara. Maji ya sukari na chumvi, na zile dawa tamu za kutuliza tumbo zinazouzwa dukani, zina kosa lilelile.

Ukubwa wa matiti hausemi lolote kuhusu wingi wa maziwa. Kinachoyafanya matiti yawe makubwa ni mafuta. Kinachotengeneza maziwa ni tezi, na tezi hizo hata mwenye matiti madogo anazo za kutosha. Kanuni ni moja: ziwa likinyonywa hujaa, likiachwa hukauka.

Ndiyo maana mama wa pacha, Opiyo na Odongo, huweza kuwanyonyesha wote wawili. Vinywa viwili huagiza mara mbili, na mwili hutii agizo. Anachokikosa mama wa pacha mara nyingi si maziwa. Ni mtu wa kuchota maji na kupika wakati yeye amekaa.

Je, wajua kwamba chuchu zenye vidonda kwa kawaida si dalili ya mtoto mwenye fujo? Tazama kwa karibu anavyoshika. Mtoto akishika vizuri, mdomo wake umeachama kama anayepiga miayo, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umepinduka kwa nje, na sehemu kubwa ya duara jeusi imeingia kinywani, hasa upande wa chini. Mashavu yamejaa, hayakubonyea. Utaona anavuta haraka mara chache, kisha polepole na kwa kina, na utasikia anameza. Akishika ncha ya chuchu peke yake, mama huumia, maziwa hayatoki sawasawa, mtoto hulia, na jirani husema maziwa hayatoshi. Hapo ndipo chupa inapoingia nyumbani. Dawa yake ni ndogo: penyeza kidole safi pembeni mwa mdomo wake, mtoe taratibu, mgeuze tumbo lake likutane na tumbo lako, pua yake ielekee chuchu, ngoja aachame, ndipo umsogeze yeye titini. Usilisogeze titi kwake ukiwa umeinama, mgongo utakuuma bure.

Unajuaje kwamba anashiba? Hesabu mikojo. Kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza, mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee na kukojoa mara 6 au zaidi kwa siku anapata ya kutosha. Kupungua uzito kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Kufikia wiki 2 awe ameurudia uzito wa kuzaliwa. Mizani ya kliniki husema kweli kuliko kilio, maana mtoto hulia kwa mambo mengi.

Je, wajua kwamba maziwa ya ng'ombe yana protini karibu mara tatu ya yale ya binadamu? Ndama lazima asimame siku ileile na kumfuata mama yake malishoni, kwa hiyo maziwa yake ni ya kujenga misuli na mifupa kwa haraka. Mtoto wa binadamu huchukua miezi kama 5 kuuongeza uzito wake mara mbili. Kinachokua kwa kasi kwake ni ubongo. Protini nyingi ya ng'ombe huzielemea figo zake changa, na huweza kuyachubua matumbo yake yakatoa damu kidogo kidogo isiyoonekana. Ng'ombe ni mali ya heshima kwa Wajaluo, lakini maziwa yake yamngoje mtoto akue.

Na je, wajua kwamba ndani ya maziwa ya mama mna sukari za aina zaidi ya 200 ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya hata moja? Kwa muda mrefu wanasayansi walijiuliza ni za nini. Jibu ni kwamba si chakula cha mtoto, ni chakula cha bakteria wema wanaoishi tumboni mwake. Bakteria hao wakishiba hutanda kila mahali, na wale wabaya wakikuta nafasi imejaa hupita zao. Zaidi ya hapo, vijidudu vingine hunasa kwenye sukari hizo badala ya kunasa kwenye utumbo.

Kinga nyingine nadhani ndiyo inayonistaajabisha kuliko zote. Mama anapovuta vumbi la machimbo, anapokunywa maji ya kijito kilekile, anapogusa mikono ileile, mwili wake huvitambua vijidudu vya mahali pale. Chembe za kinga zilizofunzwa kwenye utumbo na mapafu yake husafiri mpaka matitini, zikaanza kutoa silaha za kupambana na vijidudu hivyo hasa. Mtoto wa Osiri hunyonya kinga ya Osiri, wa kisiwa cha Mfangano ya Mfangano. Hakuna kiwanda kinachoweza kufunga hilo kwenye kopo.

Maziwa ya mama hubadilika ladha kwa alichokula. Huko Marekani, mwaka 2001, mtafiti Julie Mennella na wenzake walionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti wakati wa mimba au wa kunyonyesha waliipokea ladha hiyo vizuri walipoanza chakula. Basi mama anayekula akeyo na osuga anamzoesha mwanawe uchungu wa mboga za kwao tangu titini.

Je, wajua kwamba mifupa ya mama hupungua kidogo anaponyonyesha, kisha hujirudishia baada ya kumwachisha mtoto ziwa? Mwili hukopa na kulipa. Kusaidia malipo hayo, ufukweni kuna omena, wanaoliwa na mifupa yao yote, yaani kalisiamu tele.

Mama anayenyonyesha huhitaji chakula cha ziada kinachokaribia kalori 500 kwa siku. Hiyo ni kama sahani nyingine ndogo ya ugali na mboga, au kikombe kikubwa cha uji mzito, ule nyuka wa mtama, pamoja na kitu cha kutafuna. Mama asiyepata chakula kingi bado hutoa maziwa mazuri. Mwili humpa mtoto kwanza. Anayedhoofika ni yeye. Kwa hiyo mwenye nyumba anayeuliza kama maziwa yanatosha, aulize pia sahani ya mama imejaa kiasi gani.

Sasa yaliyo ya mama mwenyewe. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30: kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4.3. Hiyo ni miezi ya jumla, ya watoto wote ukijumlisha. Mwaka 2016 jarida hilohilo lilikadiria kwamba kama karibu wanawake wote duniani wangenyonyesha inavyopasa, vifo 823,000 vya watoto vingezuiwa kila mwaka, na vifo 20,000 vya kina mama kwa saratani ya matiti. Saratani ya ovari na kisukari cha ukubwani navyo hupungua kwa wanaonyonyesha.

Je, wajua kwamba kunyonyesha kunaweza kuwa uzazi wa mpango? Wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 waliafikiana masharti matatu: mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi, na mtoto ananyonya maziwa ya mama pekee, mchana na usiku. Yakitimia yote matatu, kinga ni zaidi ya asilimia 98. Likivunjika moja, tafuta njia nyingine siku hiyohiyo. Mama anayeshinda machimboni kwa saa 9 bila kunyonyesha asiitegemee njia hii.

Hapo linaingia neno zito: kubemenda. Waswahili husema mtoto amebemendwa, kwamba wazazi wamerudiana kitandani angali ananyonya, akadhoofika. Katika jamii nyingi za Kenya kuna imani inayofanana na hiyo. Manii hayaingii kwenye maziwa, na tendo lenyewe halimdhuru mtoto. Lakini wazee hawakuota tu. Waliona mimba ya haraka, mtoto akaachishwa ziwa ghafla, akadhoofika. Walichokilinda ni nafasi kati ya mtoto na mtoto, na leo nafasi hiyo tunaweza kuilinda kliniki bila mama kulaumiwa na kijiji.

Kuna pia sihoho, jicho baya, linalowafanya kina mama wengi wa Nyanza wasite kutoa titi mbele za watu. Sitamcheka mtu kwa hofu ya mwanawe. Leso ipo, jifunike, umpe.

Je, wajua kwamba mama anayeishi na virusi vya UKIMWI anaweza kunyonyesha, na anashauriwa anyonyeshe? Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi zaidi Kenya, kwa hiyo hili tulieleze bila haraka. Bila dawa, hatari ya virusi kupita kwenye maziwa ni ya kweli. Mwaka 2000 Daktari Ruth Nduati wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa kunyonya na watoto wa maziwa ya kopo jijini Nairobi. Baada ya miaka 2, walioambukizwa miongoni mwa wanaonyonya walikuwa asilimia 36.7, na miongoni mwa wa kopo asilimia 20.5. Ila ukitazama vifo, makundi hayo mawili hayakutofautiana sana, ingawa wale wa kopo walikuwa na maji ya bomba. Kopo liliwaepusha watoto na virusi, lakini halikuwakinga na maradhi mengine yanayoua watoto wasionyonya.

Jibu lilikuwa kumtibu mama. Jirani kabisa, mjini Kisumu, kuanzia mwaka 2003 zaidi ya wajawazito 500 walipewa dawa tatu za kupunguza makali kuanzia miezi ya mwisho ya mimba, wakaendelea nazo mpaka mtoto alipofika miezi 6. Walioambukizwa kufikia umri huo, ukiwaweka pamoja na walioambukizwa tumboni au wakati wa kuzaliwa, walikuwa watoto 5 kati ya 100. Leo dawa ni bora zaidi, na mama ambaye virusi vyake vimedhibitiwa hadi havionekani kwenye kipimo, hatari ya maziwa yake kumwambukiza mtoto iko chini ya 1 kati ya 100. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linasema anyonyeshe angalau miezi 12, na anaweza kufika miezi 24, almradi ameze dawa kila siku na mtoto apewe zake na kupimwa kwa ratiba.

Kosa kubwa ni la nusu kwa nusu. Mjini Durban, Afrika Kusini, Anna Coutsoudis na wenzake waliripoti mwaka 1999 kwamba watoto waliochanganyiwa maziwa ya mama na vitu vingine waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya maziwa ya mama pekee. Vyakula vya mapema huchubua utumbo mchanga na kufungua mlango. Lile "maji kidogo" la huruma linaweza kuwa ndio mlango wenyewe.

Malaria haipiti kwenye maziwa. Mama mwenye homa aende kliniki, na mtoto aendelee kunyonya.

Je, wajua kwa nini ni miezi 6, wala si 4 au 9? Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huja na akiba ya madini ya chuma, na akiba hiyo hukaribia kuisha umri huo. Maziwa peke yake hayaijazi tena, kwa hiyo aongezewe uji wa lishe, omena waliosagwa, maharagwe, yai, mboga, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Umri huohuo ndio wa dozi ya kwanza ya chanjo ya malaria nchini Kenya. Chanjo hiyo ilizinduliwa nchini huko Ndhiwa, Homa Bay, tarehe 13 Septemba 2019. Mnyonyeshe wakati sindano inaingia. Watoto wanaonyonya wakati huo hulia kidogo na hutulia mapema.

Sasa turudi penye karai, maana Osiri ina jambo ambalo kliniki za mijini hazilijui. Unga wa mawe ukishaoshwa, huchanganywa na zebaki ili ishike dhahabu, vikawa donge moja. Donge huwekwa motoni, zebaki ikapaa kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Mama akiuvuta huingia mapafuni, kisha damuni, na kutoka damuni huvuka kondo la nyuma mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Kiasi fulani huingia kwenye maziwa pia. Zebaki huharibu mfumo wa fahamu, na mtoto mchanga ndiye dhaifu kuliko wote. Dunia ilijifunza hayo kwa uchungu Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwanda ulitambuliwa mwaka 1956. Kule walizaliwa watoto walioathirika vibaya wakati mama zao wenyewe walionekana karibu wazima. Mkataba wenye jina la mji huo, uliopitishwa mwaka 2013, unazitaka serikali zikomeshe uchomaji wa donge kwenye makazi ya watu, na ziwakinge hasa wanawake wajawazito na watoto.

Mama wa machimboni asisikie hapa kwamba maziwa yake ni sumu. Hayo siyo niliyosema. Maziwa ya kopo yanayokorogwa kwa maji ya mahali hapohapo, karibu na moto uleule, hayamwondoi mtoto kwenye zebaki. Humnyima tu kinga yake. Kinachotakiwa ni kumtenga mama na zebaki yenyewe. Mjamzito na anayenyonyesha wasiishike kwa mikono, wasikae palipo na moto wa kuchomea, na mtoto asilazwe hapo hata kwa dakika chache. Donge lisichomwe jikoni wala ndani ya nyumba, hata mlango ukiwa wazi. Akitoka kazini aoge, avue nguo za kazi, azifue mbali na nguo za mtoto, kisha ndipo ampakate. Na mwenye shimo, mwenye mashine ya kusaga, mnunuzi wa dhahabu, nyinyi mnajua ni nani anashikishwa kazi ya zebaki kwa malipo madogo. Mpeni kazi nyingine miezi hii.

Kwa upande wa chakula, omena ni wadogo na maisha yao ni mafupi, hivyo hawajikusanyii zebaki kama wanavyojikusanyia samaki wakubwa walao wenzao. Sufuria ya omena haina ubaya.

Je, wajua kwamba mama anaweza kuacha maziwa yake nyumbani naye akaenda kazini? Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kikombe chenye mdomo mpana kilichochemshwa. Weka kidole gumba juu ya titi na cha shahada chini, karibu na ukingo wa duara jeusi, sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na uachie, bana na uachie. Mwanzoni hutoka matone, baadaye mikondo myembamba. Usivute chuchu. Kwenye joto la kawaida la chumba hukaa kama saa 4, na mahali penye joto kali yatumike mapema zaidi. Kwenye friji hukaa siku 4. Aliyebaki na mtoto ampe kwa kikombe kidogo, si kwa chupa. Chupa ina kona zisizosugulika, na kunyonya mpira ni tofauti na kunyonya titi, mtoto akaja kulikataa titi.

Mwaka 2003, watoto 13 kati ya 100 walio chini ya miezi 6 nchini Kenya walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Mwaka 2014 walikuwa 61. Hakuna mashine iliyobuniwa katikati. Yalikuwa ni maneno tu: wauguzi, wahudumu wa afya wanaopita nyumba hadi nyumba, vikundi vya kina mama, na Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoupokea mpango wa kuwasaidia kina mama wanaonyonyesha vijijini. Mwaka 2022 idadi ilikuwa 60. Imesimama. Nadhani tumewashawishi wote wanaoweza kushawishiwa kwa maneno, na sasa wamebaki wale ambao maneno hayawatoshi, wanaohitaji muda.

Sheria ipo. Tangu mwaka 2012 Kenya inadhibiti matangazo ya maziwa ya kopo na ugawaji wa kopo za bure kwa wazazi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea na muda wa kunyonyesha. Tarehe 7 Agosti 2019, siku ya mwisho ya Wiki ya Kunyonyesha Duniani, Zuleikha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, aliingia bungeni na mwanawe wa miezi 5 kwa kukosa wa kumwachia, akaamriwa atoke. Wabunge wenzake wanawake wakatoka naye. Kama mtunga sheria alikosa pa kumweka mtoto, fikiria mwanamke wa Osiri ambaye hana mwajiri wala ofisi, analipwa kwa karai. Kibanda cha makuti chenye kivuli, mbali na moto wa zebaki, na mtungi wa maji safi: hicho ndicho chumba chake, na kikundi cha wachimbaji kinaweza kukijenga kwa siku moja.

Pumwani, hospitali kubwa ya uzazi jijini Nairobi, ilifungua benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini mwaka 2019. Hospitali ya Nsambya jijini Kampala ilifuata mwaka 2021. Mama mwenye ziada hupimwa, maziwa yake hupashwa moto kitaalamu bila kuchemka, na mtoto njiti asiye na maziwa ya mama yake huokolewa. Pwani wanalijua hili kwa heshima ya aina yake: kwa madhehebu ya Shafii, mtoto aliyenyonyeshwa mara 5 na mwanamke kabla ya kutimiza miaka 2 huwa mwana wa mwanamke huyo, na hawezi kuwaoa wanawe. Kwa hiyo benki yoyote itakayofunguliwa Mombasa au Lamu itahitaji daftari linaloeleza maziwa ya nani yalinyweshwa nani.

Na je, wajua kwamba homoni inayotengeneza maziwa, prolaktini, hupanda zaidi usiku? Maziwa ya usiku pia yana melatonini, homoni ya usingizi, ambayo mtoto mchanga bado hawezi kujitengenezea ya kutosha. Watoto ambao mama zao hushinda kazini wengi hugeuza ratiba wenyewe: mchana hunywa kidogo tu, usiku hunyonya kama wanaolipiza. Kwa hiyo mama aliyerudi kutoka kwenye karai, akaoga, akala sahani yake ya pili, na amlaze mwanawe, tuseme Atieno, ubavuni. Atanyonya saa 3, saa 6, saa 9, na alfajiri kabla mama hajafunga leso kiunoni kwenda kazini.